Brashi Zilizolala Kwenye Mawese

Katika maisha yake ya ndoa Georgette aliulizwa mambo mengi. Aliulizwa kama bugali uko tayari, kama mvua imeingia chumbani, soksi ya pili imekwenda wapi. Jambo moja alilolijua kuliko mtu yeyote mjini Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, hakuulizwa na yeyote. Alijua kuosha brashi.

Si brashi za kupakia kuta rangi. Hizo kila mtu anajua kuziosha, yaani kila mtu anajua kuzitupa. Za mumewe zilikuwa brashi za mchoraji: nyingi za manyoya magumu ya nguruwe, na chache nyembamba, laini kama kope, ambazo Hyacinthe alizitumia kwenye macho na kwenye pembe za midomo, pale ambapo, kwa maneno yake, mtu anafanana na nafsi yake au anafanana na jirani. Zilitoka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, na mpaka ule una tabia ya kufungwa siku unapouhitaji. Brashi ikiharibika ulikuwa msiba mdogo, na Hyacinthe alikuwa mtu wa misiba mikubwa.

Kazi yake ilikuwa kuchora marehemu. Familia ilimletea picha, mara nyingi ya simu, mara nyingi ya harusi ambapo marehemu alionekana nusu nyuma ya bega la mtu mwingine akitafuna. Hyacinthe alimtoa nyuma ya bega, akamfuta mdomo, akamvalisha koti, akamrudisha kwa rangi ya mafuta akiwa na paji la uso la mtu aliyewahi kuombwa ushauri na serikali. Tablo, yaani picha iliyokamilika, ilikabidhiwa siku ya kumaliza matanga, ile ambayo mjini inaitwa leve. Wachoraji wengine walitumia rangi ya ukuta, na marehemu wao walianza kubanduka kabla wajane hawajaolewa tena. Wa Hyacinthe walidumu. Ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwa watu, tablo yake moja ilielea kutoka sebuleni hadi kwa majirani, ikaokotwa, ikafutwa matope, ikarudishwa ukutani, na marehemu akaonekana amepumzika kidogo.

Alipenda pia maonyesho. Ni yeye aliyeanzisha mtindo wa kuifunika tablo kwa kitambaa cheusi cha mjane mwenyewe, kile alichojitanda miezi yote ya matanga. Asubuhi ya leve kitambaa kilitolewa mabegani mwa mjane kikawekwa juu ya tablo. Baada ya hotuba, dada mkubwa wa marehemu alikivuta, uso ukatokea, na wanawake wakalia upya kwa nguvu ambazo walikuwa wamezitunza. Watu walidhani ni desturi ya mababu. Hyacinthe hakuwasahihisha.

Jioni, baada ya kazi, aliifuta kila brashi kwa kitambara, akaitumbukiza kichwa chini katika kopo la mawese ili manyoya yasikauke, akaenda kunawa na kubishana siasa. Asubuhi alizikuta kivulini juu ya ubao, zimelala ubavu, kavu, laini, vichwa vimechongoka. Katikati ya jioni na asubuhi, kwa jinsi alivyoelewa ulimwengu, brashi zilipona zenyewe.

Alfajiri Georgette alizitoa kwenye mawese. Alizisukutua katika petroli ya taa, akazikamua, akazisukutua tena katika petroli nyingine safi. Kisha sabuni: alizizungusha juu ya kiganja, akibonyeza pale shingoni, chini ya kola ya bati, ambapo mafuta hujificha, mpaka povu linatoka jeupe. Halafu maji, halafu vidole kuzirudishia ncha. Hakuzisimamisha kamwe zikiwa mbichi, maana maji hushuka shingoni na kuozesha mti. Mikono yake ilinuka petroli hata siku ya Pasaka, na wanawake wa kwaya walimpisha nafasi kubwa kwenye benchi.

Siku moja, zamani, alijaribu kumweleza mumewe.

"Papa Noella, mawese haikauke, hata ungengoja mpaka Noeli. Ikibaki mu shingo ya brashi, inaingia mu rangi. Na ile rangi nayo haitakauka."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Hyacinthe, aliyekuwa akitafuta miwani yake.

Hakurudia tena. Haikuwa lazima, yeye alikuwepo.

Hyacinthe alifariki msimu wa mvua, kwa kifua. Walimpandisha hospitali ya Lemera wakiwa wamechelewa, wakamshusha kwa njia ileile, taratibu zaidi. Ndipo ilipogundulika kwamba mtu aliyewachora nusu ya marehemu wa Uvira hakuwa na picha. Za zamani zilikuwa zimechukuliwa na ziwa pamoja na kabati. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Kwenye kadi yake ya uchaguzi, kama kwenye kadi za wengi, sura ilikwisha kufutika ikabaki moshi wenye mabega. Na mwenyewe hakuwahi kujichora. Alisema watu walio hai hawatulii.

Uso wake ulibaki katika vichwa vya watu tu, na Georgette aligundua kwamba vichwa si mahali pazuri pa kutunzia kitu. Kabla ya udongo wa kaburi kushuka, yeye na binti yake Noella, aliyekuwa mjamzito, walikwisha kubishana kuhusu kovu la Hyacinthe: lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto au ya kulia?

"Ya kushoto," alisema Georgette. "Nililala ubavu huo miaka yote."

"Kama umelala ubavu huo, basi ya kulia, Mama." Noella akashika tumbo. "Huyu ataniuliza babu yake alikuwa namna gani. Nitamuonyesha nini? Nguo zake?"

Nguo nazo hazikukaa muda mrefu. Ukoo wa marehemu ulishuka kutoka Luvungi ukiongozwa na Félicité, dada yake mkubwa, mwanamke ambaye hata akikaa kitini huonekana amesimama. Walichukua baiskeli, redio, godoro zuri na makoti, kwa sauti za upole za watu wanaokusaidia kufagia. Georgette hakushika kitu mlangoni isipokuwa kimoja.

"Shemeki," alimwambia Félicité, "mengine mpeleke. Brashi muniachie."

Félicité aligeuka kuwatazama wenzake, ili wasikose.

"Brashi? Weye utachora nani, Mama Noella? Utanichora minye?"

Walicheka, na tukubali kwamba watu waliotoka kubeba godoro wanahitaji kucheka.

"Siombi kuchora. Ni minye nilikuwa naziosha."

"Na sufuria ulikuwa unaosha. Utasema sufuria ni yako?" Alifikiri kidogo. "Sawa, sufuria ubakie nayo. Brashi ni jina la ukoo. Inakwenda kwa Berchmans."

Jean-Berchmans alikuwa mtoto wa kwanza wa Félicité, mwanaume mwenye ndevu na watoto, aliyekaa kando ya mjomba wake miaka mingi akiangalia mkono wake. Na kuchora alijua. Hapo hakuna dhihaka. Aliipokea ile brashi nyembamba kuliko zote kwa mikono miwili, machozi yakamlenga, akatangaza mbele ya wote:

"Mjomba nitamchora minye. Sina picha, lakini niko naye mu kichwa. Siku ya leve mtamuona."

Noella alimshika mkono akamshukuru. Georgette alitazama kopo la mawese likitoka nje pamoja na brashi, maana Berchmans alichukua kila alichomwona mjomba wake akikitumia jioni. Kile kilichotumika alfajiri hakukiuliza. Petroli na sabuni vilibaki nyuma ya nyumba, juu ya jiwe.

Georgette angeweza kusema hapohapo. Aliamua kungoja aulizwe. Alijiambia haipiti wiki moja, Berchmans atakuja.

Hakuja. Georgette alivumilia, akavumilia, halafu siku moja akafunga ndakala kidogo, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko, kisingizio cha heshima, akaenda mwenyewe Mulongwe ambako Berchmans alikuwa amefungua atelie, karakana ya kuchorea, yaani ameweka pazia kwenye baraza. Alikuta mteja mmoja ameketi, mwanaume mnene aliyekuja kuagiza tablo ya baba yake. Alikuta kopo la mawese. Na juu ya meza, imeegemea ukuta, alikuta Hyacinthe akimtazama.

Alisogea karibu. Sikio lilikuwa sikio lake, lile lililojikunja juu kama limesikia uongo. Kovu lilikuwa kushoto. Mdomo ulikuwa umeanza kusema "ndiyo, ndiyo". Na rangi ya uso ilikuwa na wekundu mzuri wa mtu aliyetoka kula, ambao marehemu hakuwa nao mwaka wake wa mwisho.

"Karibu, Mama Noella. Umemuona?"

"Nimemuona."

Berchmans alichomoa brashi kwenye kopo, akaifuta kwenye suruali mara mbili, akaichovya kwenye rangi akaendelea na shavu. Hapo Georgette akaelewa ule wekundu ulitoka wapi. Alinyosha kidole akagusa pembe ya koti, sehemu ambayo ni wazi ilipakwa ya kwanza, zamani. Kidole kilirudi cheusi.

"Eh, Mama! Usiguse! Rangi ya mafuta inataka uvumilivu, mjomba ndiye alinifundisha."

"Alikufundisha kuosha pia?"

"Kuosha?" Berchmans alimtupia mteja jicho. "Mama, minye niko mchoraji. Kama unatafuta kazi ya kuosha, bibi yangu, mama wa watoto, iko na nguo zao nyuma kule, atafurahi."

Ulikuwa utani, na si utani mbaya. Mteja alicheka hadi kiti kikalia. Georgette alikuwa na maneno yote tayari mdomoni: ikwangue, ifute, brashi nipe minye mpaka kesho, uanze upya, leve iko mbali bado. Muda ulikuwepo. Rangi ilikuwepo. Uso, huyu mwanaume alikuwa nao kichwani. Hakikukosekana kitu isipokuwa mwanamke mmoja kufungua mdomo.

"Sikio umelipata," alisema, akaweka ndakala chini, akaondoka.

Njia nzima alijieleza. Berchmans ataona mwenyewe kwamba haikauki. Ataona haya, atakuja, atauliza. Atamkalisha kwenye kiti kile alichokalia mteja. Alikuwa ameshachagua hata jibu la kwanza atakalompa, na lilikuwa kali. Katika hesabu hiyo yote hakumuweka Hyacinthe. Alikuwa na hasira nyingi sana na brashi kiasi kwamba alisahau zilikuwa zinachora nini.

Berchmans aliona, ni kweli, kwamba haikauki. Akalaumu mvua. Akaisogeza tablo karibu na mbabula, jiko la mkaa, na Hyacinthe akatoka jasho. Akaitoa juani, nzi wawili wakatua kwenye tai wakabaki humo. Akasema ni hewa ya ziwa. Watu waliopita barazani walisifu mng'ao: "Unaona? Kama mtu mwenye kutoka kuoga!" Msanii anayesifiwa hana sababu ya kuuliza maswali, na oda zilikuwa zimeanza kuingia.

Siku ya leve watu wa tambarare, ndugu wa Luvungi, walileta mchele wa Luberizi na ng'ombe mzima, misa ikasomwa, na turubai likafungwa uani kwa Georgette, huko Kimanga. Asubuhi, kabla wageni hawajakaa, Félicité aliingia chumbani kwa mjane na mkono umenyoshwa.

"Shemeki, kitambaa."

Georgette alikikamata kifuani.

"Musifunike tablo. Rangi haiyakauka. Iko mbichi, mpaka ndani."

"Mbichi! Tangu mvua mpaka leo?"

"Ni mawese. Iko mu brashi. Berchmans hakuosha."

Félicité alimtazama, na katika macho yake Georgette alijiona jinsi anavyoonekana: mjane aliyenyimwa brashi, amengoja hadi siku ya watu ndipo aseme.

"Mama Noella. Ulitunyima raha siku ya brashi, leo unatunyima sura yake? Juu ya nini umengoja leo? Berchmans!" aliita mlangoni. "Eti tablo iko mbichi?"

Berchmans alisimama akiwa na koti la mjomba wake mwilini. Nje kulikuwa na yule mteja mnene na wengine kama yeye.

"Juu imekauka, Mama," alisema bila kumtazama Georgette.

Kitambaa kikatoka mabegani mwake.

Hotuba zilikuwa ndefu. Msemaji wa ukoo alianzia kwa babu wa babu na hakuruka mtu. Kwaya iliimba, na kwaya ile haiachi ubeti njiani. Upepo wa ziwani uliingia chini ya turubai ukakibonyeza kitambaa juu ya tablo kama kiganja, na jua likazidi kupanda. Georgette aliketi mbele, mabega yakiwa matupu, akakiangalia kitambaa kikipata pua.

Félicité alikishika pembe akakivuta. Kilikataa. Akavuta tena, na watu wa mbele wakasema baadaye kwamba ni kama mtu alikuwa anakishikilia kutoka ndani. Mara ya tatu alivuta kwa mikono miwili, kwa nguvu za mtu ambaye hajawahi kukatazwa, na kitambaa kikatoka kwa sauti ya unyayo unaochomolewa kwenye tope.

Koti na tai vilikuwepo, nzi wale wawili wakiwa mahali pao. Sikio lilikuwepo. Kati ya sikio na sikio kulikuwa na kitu kama bugali uliokorogwa na mtu mwenye haraka.

Wanawake waliokuwa wamejitayarisha kulia walibaki midomo wazi, hawajui walie kwa wimbo gani. Kisha Félicité akapata neno.

"Amekataa!"

"Amemkataa nani?" aliuliza mtu nyuma, na swali likatembea kutoka kiti hadi kiti likafika mbele, likamkuta Georgette ameketi. Alikuwa mtu wa karibu kuliko wote. Bibi mmoja Mkatoliki alianza kueleza habari za Veronika na kitambaa chake kilichobaki na sura ya Mwokozi. Jirani yake Mprotestanti akamwambia ayaache mambo hayo parokiani, hapa ni mambo ya ndoa. Berchmans alisema, kwa sauti ya kutosha, kwamba katika kazi hii marehemu ndiye mwenye kuamua. Yule mteja mnene alitikisa kichwa kwa heshima. Hakufuta oda yake. Inasemekana aliongeza ya mama yake.

Noella alikuja taratibu, tumbo likimtangulia, akainama sikioni mwa mama yake.

"Mama. Ulijua?"

"Niliwaambia."

"Lini?"

"Asubui."

"Na mbele ya asubui?"

Georgette aliinama akaokota kitambaa, ambacho kilikuwa kimeanguka miguuni mwake, akakikunja ndani kwa ndani, akaingia nacho nyumbani.

Wageni walipokwisha kula, maana ng'ombe haahirishwi, Félicité alitangaza mlangoni kwamba kitambaa kile ni cha ukoo. Sura ya kaka yake imo humo. Kitakwenda Luvungi, wataweka kwenye fremu. Angekuja kukichukua asubuhi yeye na Berchmans, ambaye angekitazama na kuchora tablo ya pili.

Alfajiri Georgette alikitandaza juu ya kitanda. Hyacinthe alikuwemo, amegeuka kama kwenye kioo, kovu likiwa kulia, mahali alipolitaka Noella. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, kama wa mtu anayetaka kusema jambo lakini ametanguliwa na mwingine. Jicho moja lilikuwa zima. Angeweza kukificha. Angeweza kumwita Noella, aliyelala chumba cha pili, amuulize anataka kifanywe nini. Mwanamke aliyekaa maisha yake yote akingojea kuulizwa hakukumbuka kuuliza. Alichofikiria ni fremu, Luvungi, na Félicité akiwaonyesha wageni: huyu ni kaka yangu, alimkataa mke wake.

Mikono ilikuwa inajua njia. Petroli na sabuni vilikuwa bado juu ya jiwe.

Noella alitoka akiwa amejifunga kanga, akasimama mlangoni.

"Mama, unaosha nini?"

Georgette alikuwa amefika kwenye maji ya mwisho, na alikikamua kitambaa, akakikung'uta, akakitundika kwenye kamba. Kilikuwa cheusi kitupu. Hakikuwa kimewahi kuwa safi namna hiyo tangu kilipotoka dukani.

Ndivyo walivyokikuta Félicité na mwanawe. Félicité alipiga ukelele majirani wakatoka, akamwita mjane mchawi, kisha akamwita muuaji, kisha akaketi kwenye jiwe na kulia kweli, bila sauti, kama mtu aliyefiwa. Berchmans aliisogelea kamba. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akakiinua dhidi ya mwanga, akatafuta wekundu, akatafuta weusi uliozidi weusi wa kitambaa, akanusa. Akapitisha dole gumba kwenye pindo, pale ambapo rangi hujificha. Akageuka, na usoni hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa fundi.

"Mama Noella," alisema polepole. "Umeiosha na nini?"

Georgette alikausha mikono kwenye nguo. Lile jibu kali alilolitunza hakuliona tena lilipo. Basi akamwambia. Petroli kwanza, na hiyo ya kwanza unaimwaga, usiitumie mara mbili. Petroli ya pili, safi. Halafu sabuni, juu ya kiganja, na ubonyeze shingoni mwa brashi, mafuta yanajificha shingoni. Mpaka povu litoke jeupe. Halafu maji. Alimweleza yote kwa utaratibu, bila kuruka kitu, na Berchmans alisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa.

Nyuma yao Noella alikuwa amepiga magoti kwa shida kando ya karai lenye petroli ya kwanza, ile nyekundu, ambayo ilikuwa bado haijamwagwa, akiinamia ndani na kuangalia kama baba yake bado yumo.